Maji Niliyoyameza Aberdeen

Jumapili iliyopita Maman alinituma samaki wa moshi. Yuko kitandani huko Evere tangu majani yalipoanza kupukutika, anakula vijiko viwili vya uji kwa kuniridhisha tu, halafu ghafla anataka samaki. Nikashuka soko la Gare du Midi, nikawapita makayabo, wale samaki wa chumvi, na dagaa niliowazoea, hadi kwa muuzaji mmoja aliyekuwa na samaki wa rangi ya njano, waliopasuliwa tumbo na kukaushwa kwa moshi wa kuni. Aliinua mmoja ninuse. Mdomo ukanikauka pale pale, ulimi ukanata kwenye kaakaa, na mimi nilikuwa nimetoka kunywa kahawa. Nilinunua wawili. Ndani ya basi watu walinihama kwa sababu ya harufu, nami sikujali, maana nilikuwa na miaka minane tena, nina kiu, na nje ya dirisha hakukuwa na kitu ila ukungu.

Lazima nieleze kwanza jina langu, kwani bila jina habari hii haina kichwa wala miguu. Naitwa Mwadi. Ni jina la kambo yangu, yaani bibi, mama yake Maman, aliyefia Lubumbashi miezi michache kabla sijazaliwa hapa Brussels. Kwetu mtoto akipewa jina la marehemu hapewi jina tupu, anapewa na cheo chake. Maman aliyenizaa aliniita maman. Kuku akipikwa, firigisi ilikuwa yangu, na wageni watu wazima walinisalimia kabla ya baba yangu. Hata siku za kuchapwa, na zilikuwa nyingi, Maman alishika kandambili akasema kwanza kwa adabu zote, "Maman, unisamehe, minapiga huyu mutoto, si weye." Kisha akamchapa mtoto. Nikawa nalia upande mmoja na kusamehe upande wa pili.

Wageni walicheka. Maman aliwaambia kwamba Kambo alirudi siku ile nilipozaliwa, na alilisema huku akikata vitunguu, bila hata kuinua uso. Wao wakaendelea kula. Mimi nililichukua neno hilo nikaenda nalo kitandani. Kama Kambo amerudi na amekaa humu ndani, je, mimi nimekaa wapi? Nilijigusa mbavu moja moja nikitafuta anapoishia yeye na ninapoanzia mimi, na sikupapata.

Maman alikuwa na mdogo wake wa kiume, Tonton, yaani mjomba, ambaye mimi nilimjua kwa sauti tu. Aliishi Aberdeen, kule Scotland, na kazi yake ilikuwa upishi katika meli zinazohudumia visima vya mafuta baharini. Kambo alipokuwa mahututi Lubumbashi, Tonton hakuwa na karatasi za kuishi huko. Angetoka asingerudi. Basi hakwenda. Maman alikwenda, akamwosha mama yake, akamzika peke yake, nami nikiwa tumboni mwake. Kambo aliita jina la mwanawe kila siku hadi ya mwisho, na hilo kila mtu katika ukoo alilijua kwa sababu kila mtu alilisimulia. Tonton akaamini kwamba amekosa radhi ya mama. Mke alimkimbia, kazi ikaisha, mapafu yakaharibika, na yote hayo aliyaona yanatoka mlango mmoja.

Siku moja simu ikalia wakati wa chakula. Maman aliiweka mezani ili aendelee kukoroga bukari, ugali wetu, kwa hiyo sote tulisikia. "Yaya, uniletee maman," Tonton alimwambia dada yake, na kati ya maneno mlikuwa na pumzi nyingi. "Docteur anasema sitapona. Nisikufe hivi."

Maman akanitazama. Hakumtazama mtoto, alimtazama yule mwingine. "Bon," akasema. "Nitamuleta."

Aliniambia tunakwenda kumsalimia Tonton, na kwamba kuna kazi ya Kambo ya kufanya huko, ndogo tu. Sikuuliza ni kazi gani. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: Tonton anamtaka mama yake, na mama yake yumo ndani yangu, kwa hiyo atatolewa. Kitakachobaki baada ya kutolewa hakuna aliyekitaja. Niliweka ndani ya begi langu la shule chupa moja ya maji na pakiti ya biskuti, nikasema kimoyomoyo kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tulipanda ndege, kisha treni iliyokwenda kando ya bahari. Mwanzoni bahari ilikuwepo. Halafu ukungu ukatoka majini ukaingia nchi kavu, ukala ng'ombe mashambani, ukala uzio, ukafika kwenye kioo. Tulipotoka kituoni ilikuwa alasiri, lakini mwanga haukuwa na upande unakotoka. Nyumba zote zilikuwa za kijivu. Nilimwachia Maman mkono nikagusa ukuta, na ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, kwa sababu lile jiwe nililijua. Kila siku nikienda shule Evere nilipita kwenye karakana ya mtu anayechonga mawe ya makaburi, karibu na lango la makaburi ya kwetu, na jiwe lake lilikuwa hilihili, la kijivu, gumu, lenye punje ndogo zinazong'aa. Nilizoea kuliona likiwa fupi, limesimama nyasini na jina la mtu. Hapa lilikuwa benki, duka la viatu, ghorofa nne kwenda juu, mtaa mzima pande zote mbili. Watu wameujenga mji wao kwa mawe ya makaburi, na wanakaa ndani.

Wenyeji wanajivunia jiwe lao na wana haki. Siku ya jua, naambiwa, mji wote unametameta. Mimi sikupewa siku ya jua.

Tonton alikaa ng'ambo ya mto, karibu na bandari, nyuma ya kiwanda kidogo cha kukausha samaki kwa moshi. Alitufungulia mlango yeye mwenyewe. Alikuwa mrefu, shati linaning'inia, na macho yalikuwa ya Maman kabisa. Hakumkumbatia dada yake. Aliinama mbele yangu hadi goti likagusa zulia, akakunja viganja akapiga makofi mara tatu, polepole, kama mtoto anavyomsalimu mzazi wake kijijini kwao. "Maman," akaniambia. "Umefika." Kwa siku zote tulizokaa pale hakuketi kwenye kiti mbele yangu, alikaa kwenye kigoda, na kitanda chake nilipewa mimi. Meli zilipiga honi ndani ya ukungu. Moja iliita, kimya, halafu nyingine ikajibu kutoka mbali zaidi, na kila zilipoita Tonton aliinua kichwa.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu waliolelewa na akina mama wa Katanga watalijua bila maelezo. Kila asubuhi Maman alituuliza kama tumekula ndotoni. Ukila chakula cha ndotoni, aliyekulisha amekufunga kamba, na mara nyingi aliyekulisha si mzima. Ukikiri, unaombewa kabla ya shule. Mimi nilikuwa hodari wa kukataa. Niliwahi kukataa ndotoni sahani nzima ya wali na ndizi. Kwa hiyo pale Aberdeen, katika mji uliojengwa kwa mawe ya makaburi, uamuzi wangu ulikuwa wazi kabisa: sitakula cha humu, na sitakunywa. Niliishi kwa biskuti zangu chini ya mto. Maji niliyapima kwa kifuniko cha chupa.

Siku ya pili Maman alinitembeza mjini, nadhani ili atulie yeye. Mwisho wa mtaa mmoja palikuwa na meli ya rangi ya machungwa, imesimama katikati ya nyumba, kana kwamba imekuja kununua mkate. Ndege wakubwa wa baharini walilia juu yetu kwa sauti za vichanga na hatukuwaona. Tukaingia kwenye kanisa la kale lililo katikati ya maduka, na uwanja wake wote ni makaburi, na juu ya makaburi walikuwa wamekaa watu. Wameketi kwenye mawe yaliyolala, makoti yamefungwa hadi shingoni, weupe, hawasemi, wanakula. Mnara wa kanisa ulipanda ukakatika katikati ya ukungu. Mzee mmoja alinipungia kidole huku akitafuna. Nilimuuliza Maman kwa kunong'ona hawa ni akina nani.

"Beko mu pause," Maman alisema. "Ni bantu ba bureau."

Nilikua, nikapata ofisi yangu mwenyewe, nikala mkate wangu kwenye benchi la baridi huko Ixelles, na najua Maman alisema kweli: walikuwa watu wa ofisini kwenye mapumziko ya mchana. Siku ile sikumwamini hata kidogo. Nilimwona naye hajui alipo.

Tuliporudi, jirani wa chini alipanda kuleta chakula. Alikuwa kikongwe mwenye nywele nyeupe na mikono iliyoonyesha mishipa yote, na sahani yake ilikuwa na samaki wa njano waliochemshwa kwa maziwa. Harufu ya moshi ilijaa chumba. Alinisukumia sahani, akaniambia kitu kwa lugha yake, akanishika shavu kwa vidole vya barafu. Nilifunga mdomo. Maman aliona aibu, akanibembeleza, akaleta maji, nikatikisa kichwa. Nilisema tumbo linauma, nikaenda kujificha kwenye korido, na kutoka pale niliwasikia wakinong'ona wote wawili.

"Hakuli?" Tonton aliuliza.

"Hata maji hataki," Maman akajibu. "Maman vilevile, kule mwisho, alikatala kila kintu."

Meli ikapiga honi. Nilisimama na mgongo ukutani, nikajua kwamba wameshaanza kunihesabu kuwa Kambo. Nami koo lilikuwa limekauka, chupa yangu ilikwisha asubuhi ile, na bomba la jikoni lilikuwa na tone linalodondoka kila nilipohesabu hadi nne.

Siku ya tatu, adhuhuri, Tonton alivaa suti. Shingo yake ilicheza ndani ya kola, lakini alifunga tai, na viatu vilipakwa rangi hadi vikang'aa. Madirisha yalikuwa meupe, hata nyumba ya ng'ambo haikuonekana. Waliniketisha kwenye kiti chake kikubwa. Tonton akatoa sandukuni kikwembe, yaani kitenge, kilichokunjwa, chenye ndege wa bluu, akasema alikinunua kwa mshahara wake wa kwanza ili amtumie mama yake, na hakukituma. Maman alikikunjua anifunge begani, akakileta puani, akaangua kilio. Kilinuka makaa, alisema, kilinuka jiko la Kambo. Kambo hakuwahi kukigusa kitambaa kile. Leo naweza kusema kilinuka kiwanda cha samaki, miaka yote ile nyuma ya ukuta ule. Lakini nilipovikwa, mabega yangu yalijua uzito wake, na hilo sina maelezo yake hadi leo.

Maman alinieleza kazi. Nitachukua maji mdomoni, nitayapuliza juu ya kichwa cha Tonton, nitasema, "Mutoto yangu, yamekwisha." Basi. Wazee kwetu hufanya hivyo. Maji yakitoka, neno lililofungwa moyoni linatoka nayo. Akanipa glasi.

Tonton alipiga magoti yote mawili. Aliongea akitazama viatu vyangu. "Maman, mi ni mutoto yako. Uliniita, sikufika. Karatasi nilikuwa sina, ni kweli. Lakini hata siku nilizipata, sikukuja, nilikuwa naogopa kaburi yako. Nilikosa. Unitemee maji nipumuzike."

Nilijaza mdomo. Nakumbuka ubaridi wake kwenye meno, na ladha ya chuma. Kichwa cha Tonton kilikuwa chini yangu, na kisogoni mwake mlikuwa na kovu dogo lisiloota nywele. Sikuwa nimepanga lolote. Ningependa kusema kwamba niliogopa kufungua mdomo Kambo asije akatoka na mimi nikabaki ganda, na ni kweli niliogopa. Ila si hofu iliyoamua. Lilikuwa koo. Koo lilikuwa limengoja maji tangu jana, likayachukua bila kuniuliza, na nikasikia mgugumio wake ndani ya masikio yangu. Nikamaliza. Nikainua glasi nikanywa na yaliyobaki.

Honi ililia bandarini, ndefu, na haikujibiwa.

Maman alikuwa amesimama na kiganja mdomoni. Akakishusha. "Umeona," akamwambia mdogo wake. "Maman amekatala."

Tonton akafuta goti la suruali ingawa halikuwa na vumbi. "Haina neno, yaya," alisema. "Maman eko na haki." Akanyanyuka kwa kushika meza, akachukua glasi tupu mkononi mwangu kwa mikono miwili, akaenda kuiosha.

Hadi leo mkono wake ule kwenye bomba unaniuma. Nilikuwa na miaka minane, na ulimi wa kusema nilikuwa nao. Ningesema nilikuwa na kiu, tu, maneno mawili matatu. Lakini kusema hivyo ingekuwa kukiri kwamba nimekunywa maji ya mji ule wa wafu, na nilishaanza kungoja kufa. Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Alituaga mlangoni, akaniambia, "Maman, uende muzuri," na tulipogeuka barabarani kumpungia, dirisha lake lilikuwa limeshamezwa na ukungu pamoja na nyumba yote.

Sikufa. Treni ilipotoka kwenye ukungu, nikaona shamba lenye nyumba ya matofali mekundu, nikajua tumeshavuka. Maman alikuwa amenunua chupa kubwa ya maji. Niliinywa yote bila kupumzika, nikala mkate wake na wangu. Yeye alinitazama muda wote. Majuma machache baadaye simu ikaja, na Tonton alikuwa amekwenda. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yaliyomezwa hawakuyasemea kitu.

Kuanzia safari ile Maman hakuniita tena maman. Nikawa Mwadi tu. Firigisi ikarudi kwa baba, na kandambili ikaja bila samahani. Nilidhani Kambo ameniacha kwa hasira, na nilimkosa, jambo lisilo na akili kwa mtu aliyekuwa akimwogopa. Kikwembe kilikaa juu ya kabati la Evere, hakikushonwa, hakikutolewa kwa mtu. Na neno nililomeza lilikaa nami. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo.

Basi Jumapili iliyopita nilimchemshia Maman wale samaki kwa maziwa, sijui kwa nini nilichagua maziwa. Alikula matonge matatu. Akaweka kijiko chini, akavuta pumzi kwa pua, akasema harufu hii ni ya kule. Sikungoja tena. Nilimwambia yote: jiwe la makaburi, biskuti chini ya mto, tone la bomba. Nilimwambia Kambo hakukataa. Ilikuwa kiu.

Nje watoto wa ghorofa ya chini walikuwa wakipiga mpira ukutani.

"Mi nilijua," akasema. "Mu train ulikunywa chupa nzima, mi nakuangalia. Nikasema nimupigie mudogo yangu simu. Kisha nikasema hapana, abakie na ile uzito kidogo. Nilizika maman peke yangu, yeye hapana. Nilikuwa na hasira, donc nikangoja." Machozi yalimshuka yakaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali. "Nikangoja, na alikufa nayo."

Nilimfuta kwa ncha ya shuka. Tulikuwa wawili katika kosa moja na kila mmoja alilificha kwa mwenzake nyumba ile ile. Nilikuwa na hasira naye kidogo, na nilimpenda sana. Aliushika mkono wangu akauvuta, kwa nguvu ambazo sikujua anazo bado.

"Maman," akaniita. "Leta maji. Ya mi, na ya mudogo yangu."

Nilishusha kikwembe kutoka juu ya kabati, nikakifunga begani. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikanywa glasi ya kwanza nimesimama, nikanywa ya pili hadi tone la mwisho. Nikajaza ya tatu, nikaingia nayo chumbani, sina kiu hata kidogo.